Cadillac au Lincoln: Chapa Mbili Zilizoasisiwa na Mtu Mmoja, na Ipi Ikufae

Anayetafuta gari la kifahari la Kimarekani hatimaye hubaki na majina mawili ya kuchagua, Cadillac na Lincoln, kwa kuwa washindani wao wa zamani kama Packard, Pierce-Arrow na Duesenberg walikwisha kufunga viwanda miaka mingi iliyopita. Wanunuzi wengi huamua kwa kutazama umbo la gari, ukubwa wa skrini na kiasi cha mkopo wa kila mwezi, na hakuna ubaya kufanya hivyo. Hata hivyo, gari la aina hii hununuliwa pia kwa heshima ya jina lake, na heshima ya majina haya mawili haikujengwa kwa njia moja. Cadillac tangu mwanzo imekuwa chapa inayothubutu kujaribu ufundi mpya, ikapanda juu sana pale ufundi huo ulipokuwa umeiva, na ikaanguka vibaya pale ulipouzwa ukiwa mbichi. Lincoln imejijengea jina kwa utulivu wa ndani na umbo la staha, ikayumba kila wamiliki wake walipoinyima fedha za kuunda magari yake yenyewe. Zote mbili zimeaibika kwa kosa lile lile, nalo ni kulivisha gari la bei ya chini nembo ya kifahari, na ndiyo maana naamini kwamba mnunuzi anapaswa kuuliza kuhusu injini na chasi kabla ya kulipa heshima kwa jina.

Mwasisi wa chapa zote mbili ni Henry Leland, fundi wa mashine aliyezaliwa Vermont mwaka 1843 na kujifunza usahihi wa vipimo katika viwanda vya silaha na vya zana. Mwaka 1902 wawekezaji wa Henry Ford Company ya Detroit, baada ya kukosana na Ford mwenyewe na Ford kuondoka, walimwita Leland awakadirie thamani ya mitambo ili waiuze. Leland aliwashauri wasifunge kiwanda, akawaonyesha injini ya silinda moja aliyokuwa ameiboresha, na kazi ikaendelea chini ya jina jipya la Cadillac, Mfaransa aliyeuasisi mji wa Detroit mwaka 1701. Kilichoifanya chapa hiyo ijulikane duniani hakikuwa mapambo bali vipimo. Mwaka 1908, katika uwanja wa Brooklands nchini Uingereza, magari matatu ya Cadillac yalifunguliwa vipande vyote, vipande vikachanganywa, kisha magari yakaundwa upya bila kupigwa tupa na kuendeshwa maili 500, yaani takriban kilomita 800. Katika viwanda vingi vya zama hizo kila kipande kililazimika kukwanguliwa kwa mkono mpaka kiingie mahali pake, kwa hiyo jaribio lile liliwashangaza Waingereza, na klabu yao ya kifalme ya magari ikaitunukia Cadillac tuzo ya Dewar. Mwaka 1909 kampuni ilinunuliwa na General Motors. Magari yake ya mwaka 1912 yalikuja na starta ya umeme iliyotokana na ubunifu wa Charles Kettering, na hapo ndipo madereva walipoanza kuachana na hendeli ya chuma ya kuwashia injini, iliyokuwa ikiwavunja mikono.

Leland aliondoka Cadillac mwaka 1917, akiwa na umri wa miaka 74, kwa sababu alitaka kutengeneza injini za ndege za Liberty kwa ajili ya vita wakati uongozi wa General Motors ulipokuwa ukisitasita. Kampuni mpya aliyoianzisha aliipa jina la Abraham Lincoln, rais wa kwanza aliyempigia kura, mwaka 1864. Injini za ndege 6,500 zilitengenezwa, vita vikaisha, na mwaka 1920 likatoka gari la kwanza la Lincoln, lililoundwa kwa uangalifu mkubwa lakini likiwa na bodi iliyoonekana ya kizamani, tena katika mwaka ambao uchumi wa Marekani ulikuwa umedorora. Mwaka 1922 Henry Ford aliinunua kampuni hiyo kwa dola milioni 8. Hivyo Ford alimnunua mtu yule yule aliyeijenga Cadillac juu ya mabaki ya kampuni iliyokuwa na jina lake, na Leland hakudumu naye hata mwaka mmoja.

Aliyeipa Lincoln roho yake ni Edsel, mwana wa Henry Ford. Edsel alikuwa na jicho la uzuri ambalo baba yake hakuwa nalo wala hakulitamani. Mwishoni mwa miaka ya 1930 alimwagiza mchoraji wake, Bob Gregorie, amtengenezee gari lake binafsi la kutumia mapumzikoni Florida, refu, la chini, lisilo na urembo wa ziada, lenye gurudumu la akiba nyuma. Marafiki wa Edsel walilipenda kiasi kwamba likaingizwa sokoni kwa jina la Continental, na mwaka 1951 jumba la makumbusho ya sanaa za kisasa la New York lilipoonyesha magari manane kama kazi za sanaa, Continental ilikuwa mojawapo. Baada ya muongo mmoja likaja lile ambalo mimi naliona kuwa saluni nzuri kuliko zote zilizowahi kutoka Detroit, Continental ya mwaka 1961 iliyochorwa na Elwood Engel: mbavu zilizonyooka, kromu kidogo, milango ya nyuma yenye bawaba upande wa nyuma, na dhamana ya miaka 2 au maili 24,000 wakati ambapo washindani walitoa nusu yake. Ndilo gari ambalo Rais John Kennedy alikuwa amepanda alipouawa mjini Dallas tarehe 22 Novemba 1963, na gari lenyewe limehifadhiwa hadi leo katika makumbusho ya Henry Ford, Dearborn. Franklin Roosevelt naye alitumia Lincoln. Tangu mwaka 1993, hata hivyo, marais wa Marekani wametambulishwa zaidi na Cadillac, na gari zito la kivita linalombeba rais sasa lina nembo hiyo.

Heshima ya Cadillac ilikuwa ya namna nyingine, kubwa zaidi na yenye kelele zaidi. Mwaka 1930, mdororo mkuu wa uchumi ukiwa umekwisha kuanza, ilitoa injini ya silinda 16, jambo la kuthubutu kupita kiasi ambalo halikuiletea faida lakini liliiongezea hadhi mbele ya washindani kama Packard. Kilichoiokoa Cadillac katika miaka hiyo ya njaa kinastahili kuelezwa kwa urefu kidogo. Sera ya kampuni wakati huo ilikuwa kutowauzia watu Weusi. Nicholas Dreystadt, aliyesimamia huduma za matengenezo, aliona katika karakana za kampuni kwamba wamiliki wengi walioleta magari yao walikuwa mabondia, waimbaji, madaktari na wafanyabiashara Weusi, ambao walilazimika kumlipa mzungu fedha za ziada ili awanunulie gari kwa jina lake. Dreystadt aliwaendea wakuu wa General Motors akawataka waifute sera hiyo na kuwauzia watu hao waziwazi; wakakubali, mauzo yakapanda, na mwaka 1934 yeye mwenyewe akapewa uongozi wa Cadillac. Sababu yao ilikuwa biashara zaidi kuliko haki, na hilo lisifichwe. Lakini kwa Wamarekani Weusi waliozuiwa kununua nyumba katika mitaa mizuri, gari hilo lilikuwa mali ambayo mtu angeweza kuimiliki na kuonekana nayo, na mapenzi yao kwa jina la Cadillac yamedumu vizazi kadhaa. Lincoln haina historia inayofanana na hiyo.

Baada ya vita vya pili, Cadillac za mwaka 1948 ziliota mapezi madogo nyuma, yaliyochochewa na ndege ya kivita ya P-38, na mwaka 1949 zikapata injini mpya ya V8, yaani ya silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V, yenye vali juu, ambayo kwa muda mrefu ikawa kipimo cha wengine. Mapezi yakaendelea kurefuka hadi mwaka 1959, yalipofikia kimo ambacho hakikupitwa tena. Elvis Presley alikuwa na Cadillac ya rangi ya waridi, na bado ipo Graceland, iliyokuwa nyumba yake. Wanaodhani kwamba Lincoln ilikuwa ya wazee tu katika zama hizo wakumbuke mashindano ya Carrera Panamericana ya Mexico, ambako Lincoln zilitawala daraja lao mwaka 1952 na 1953.

Kuanguka kulianza wakati mauzo yakiwa bado mazuri, kama inavyotokea mara nyingi. Mwaka 1977 Lincoln ilichukua Ford Granada, gari la kawaida kabisa, ikaliongezea urembo na kuliita Versailles kwa bei iliyozidi mara mbili. Wanunuzi walilitambua umbo lile mara moja. Cadillac haikujifunza kwa mwenzake. Kuanzia mwaka 1981 iliwaletea wateja makosa mfululizo. Kwanza ilikuwa injini ya V8 iliyozima silinda mbili au nne ili kubana mafuta, wazo zuri ambalo leo liko katika magari mengi, lakini kompyuta za wakati ule hazikuliweza, na wamiliki wengi waliishia kuomba mfumo huo ukatwe. Ikafuata injini ya HT4100, dhaifu na yenye matatizo ya kuvuja maji. Kisha ikaja Cimarron ya mwaka 1982, ambayo ilikuwa Chevrolet Cavalier iliyoshonewa viti vya ngozi, na injini yake ya silinda nne ilikuwa na nguvu za farasi 88 tu. Jina ambalo lilikuwa limejengwa kwa miaka 80 liliharibiwa ndani ya miaka mitano, na sidhani kama limepona kabisa machoni pa watu waliokuwa wanunuzi wakati huo, ambao watoto wao walikwenda kwa BMW, Mercedes-Benz na Lexus.

Lincoln katika miaka hiyo haikufanya lolote la kusisimua, na kutofanya huko kuliisaidia. Town Car yake iliendelea kuwa gari kubwa lenye chasi ya fremu, injini ya V8 mbele na mvuto wa magurudumu ya nyuma, na Cadillac zilipofupishwa na kuhamishiwa mvuto wa mbele, wateja wa teksi za kifahari, hoteli na viwanja vya ndege walihamia Lincoln. Mwaka 1997 Lincoln ikatoa Navigator, SUV kubwa ya kifahari, nayo Cadillac ikakimbilia kutoa Escalade mwaka uliofuata, kwa haraka iliyoonekana wazi, maana Escalade ya kwanza ilitofautiana kidogo sana na GMC Yukon Denali. Ushindani ulikuwa mkali kiasi kwamba mwanzoni mwa 1999 Cadillac ilitangaza kuwa imeishinda Lincoln kwa magari 222 katika mauzo ya mwaka 1998, kisha mwezi Mei General Motors ikalazimika kukiri kwamba hesabu ilikuwa imeongezwa, na ushindi ukawa wa Lincoln. Kwa chapa iliyoanza kwa sifa ya vipimo sahihi, tukio hilo lilikuwa la fedheha.

Kilichofuata kimegeuza hali ya mambo hadi leo. Cadillac iliamua kujijenga upya kwa uhandisi: CTS ya mwaka 2002 ilikuwa na chasi yake yenyewe na mvuto wa nyuma, ikapimwa katika barabara ya Nürburgring nchini Ujerumani, na matoleo yake ya V, yale yenye nguvu zaidi, yakaja kulinganishwa bila aibu na BMW M5, saluni ya kasi ya Kijerumani. Ukoo huo unaendelea katika CT5-V Blackwing, yenye nguvu za farasi 668 na gia za mkono, gari ambalo Lincoln haina cha kuliweka kando yake. Lincoln ilitumia miaka hiyo hiyo kutoa magari yenye majina ya herufi kama MKZ, MKS na MKT, yaliyojengwa juu ya chasi za Ford za kawaida na kuwachanganya hata wauzaji wenyewe. Town Car ilisitishwa mwaka 2011. Jina la Continental lilirudishwa kwa gari la mwaka 2017, likaondolewa tena mwaka 2020, na tangu hapo Lincoln huuza SUV peke yake nchini Marekani. Mwaka 2024 Cadillac iliuza huko takriban magari 160,000, nayo Lincoln zaidi kidogo ya 100,000.

Kwa mnunuzi wa leo, basi, mashindano halisi yako kati ya Escalade na Navigator, na hapa sioni kwamba mshindi ni dhahiri. Escalade ina injini ya V8 ya lita 6.2 yenye nguvu za farasi 420, na katika toleo la V nguvu hizo hufika 682. Navigator ina V6 ya lita 3.5 yenye turbo mbili na nguvu za farasi 440. Escalade humpendeza anayetaka kuonekana akifika na anayependa sauti ya injini. Navigator ni tulivu zaidi, na viti vyake vya mbele ndivyo ambavyo ningependa kukalia katika safari ya siku nzima, kwani hurekebishwa sehemu nyingi hadi kila paja na msimamo wake. Utulivu huo si wa Navigator pekee: katika Aviator, SUV yake ya kati, Lincoln iliwaita wanamuziki wa okestra ya Detroit warekodi milio ya tahadhari ili mlango usiofungwa usikuite kwa ukali.

Kuhusu uimara, kila upande una jambo la kuulizia kabla ya kulipa. Mwaka 2025 General Motors iliyaita kwa ukaguzi magari takriban 600,000 nchini Marekani ya miaka ya 2021 hadi 2024 yenye V8 ya lita 6.2, Escalade zikiwamo, kwa sababu ya hitilafu ya krankshafti na mikono ya pistoni. Anayenunua mtumba wa miaka hiyo adai karatasi inayothibitisha kwamba kazi hiyo imefanyika. Aviator za mwaka wa kwanza, 2020, zilitoka kiwandani Chicago zikiwa na kasoro nyingi kiasi kwamba Ford ilizisafirisha baadhi hadi kiwanda kingine Michigan zikarekebishwe kabla ya kuuzwa. Ningechukua za miaka iliyofuata.

Anayetaka mtumba wa bei ndogo ana uamuzi rahisi zaidi. Cadillac za miaka ya 1990 zenye injini ya Northstar huvutia kwa bei na nguvu, lakini boliti za silinda hedi hulegea katika bloku ya alumini, gasketi huachia, injini huchemsha, na ukarabati wake huweza kuzidi thamani ya gari zima. Town Car ya zama hizo hizo ina V8 ya lita 4.6 iliyotumika katika magari ya polisi na teksi kwa miaka mingi, mafundi wanaijua, vipuri viko tele, na matatizo yake makubwa yanafahamika: manifoldi ya plastiki inayopasuka na springi za hewa za nyuma zinazovuja. Kwa mtu anayeishi Marekani Kaskazini na kufanya kazi ya kubeba abiria, au mwenye wazazi watu wazima wanaohitaji mlango mpana na kiti laini, siwezi kuipendekeza Northstar mbele ya Town Car.

Upande wa umeme hakuna mashindano kwa sasa. Cadillac ina Lyriq, Optiq, Vistiq na Escalade IQ, ambayo ina betri ya takriban kilowati-saa 205 na inayokadiriwa kwenda maili 460 kwa chaji moja. Lincoln ina magari ya haibridi, yanayotumia mafuta na umeme pamoja, nayo Nautilus ya haibridi ni nzuri na hainywi mafuta sana, lakini haijauza gari la umeme tupu nchini Marekani. Mnunuzi ajue pia kwamba Nautilus ya sasa huundwa Uchina, kwa wale wanaonunua jina la Kimarekani kwa sababu ya Umarekani wake.

Nje ya Marekani chaguo huamuliwa na usukani na vipuri kuliko historia. Katika Oman na nchi nyingine za Ghuba, ambako wasemaji wengi wa Kiswahili wanaishi, chapa zote mbili huuzwa rasmi, usukani uko kushoto kama barabara zinavyotaka, na pale ningefuata ladha yangu tu na kuchukua Navigator kwa familia. Kwa Kenya, Tanzania na Uganda, ambako magari hupita kushoto, magari mengi ya chapa hizi hayafai kwa sababu huundwa kwa usukani wa kushoto. Cadillac ndiyo iliyowahi kutengeneza baadhi kwa usukani wa kulia, kama Seville ya mwishoni mwa miaka ya 1990, ambayo ina Northstar ile ile, na sasa Lyriq inayouzwa Australia na New Zealand. Kwa mtu wa Kigali, Bujumbura au Goma, ambako magari hupita kulia, ningependekeza Escalade ya kati ya 2015 na 2020, kwa kuwa injini yake ni ndugu wa zile za pikapu za Chevrolet, iko nje ya miaka ya ukaguzi wa 2025, na fundi mzuri anaweza kuifungua bila kuhitaji karakana ya kampuni. Aulize tu rekodi ya kubadilisha oili, kwa kuwa lifta za vali katika injini hizi zenye mfumo wa kuzima silinda ndizo zinazoharibika kwanza, na asikilize mlio wa kugongagonga injini inapowashwa ikiwa baridi, asubuhi, kabla mwenye gari hajaipasha moto.